Uwanja wa Magari Yasiyokuwepo

Hamad,

Salamu nilikupa asubuhi, ukaitika huku umenipa mgongo, kwa hiyo sirudii. Watu huanza barua kwa kusema wana furaha kubwa kushika kalamu. Mimi sina furaha. Kalamu nimeishika kwa sababu nikikusemesha kwa mdomo utanijibu "sawa mama," na hiyo "sawa mama" yako ya siku hizi nikiisikia mara nyengine nitavunja kitu humu ndani.

Umekwenda Konde kuaga wenzako. Begi nimeshalifunga, sabuni imo, shuka imo, dawa ya tumbo imo. Mambo ya kula na kulala sikuandikii. Una akili. Hilo la akili ndilo nililokusudia, na nitalifikia.

Jana baada ya isha ulikuja mlangoni ukasema, "Mama, naomba radhi yako, n'nasafiri." Nikageukia ukutani. Ukarudia, ukasubiri, ukaondoka taratibu ukidhani nimelala. Sikulala. Nilikunyima. Nataka ulijue hilo kutoka kwangu na si kwa kubahatisha: nilikunyima kwa makusudi, na mpaka leo asubuhi nilikuwa nimeazimia upande boti uondoke Pemba bila ya radhi ya mama, tuone huko Bara utafika wapi nayo hiyo elimu yako.

Wewe unajua ninakasirikia nini, lakini unajua nusu. Nianze na hayo makaratasi yako.

Wenzako wote hapa Wingwi walitengeneza magari ya makopo wakayavuta kwa kamba. Wewe hukutaka gari. Ulitaka njia. Ulichukua mkaa ukachora kwenye sakafu ya kuanikia karafuu, kona hii, kona ile, mpaka nyayo za watu nyumba nzima zikawa nyeusi. Msimu ulipoingia nikakutuma uzianike karafuu, nami nikaenda kuchambua nyengine na wanawake wenzangu. Niliporudi ulikuwa umezipasua katikati kwa kidole, njia imezunguka sakafu nzima, na kwenye kila kona umezirundika ziwe ukuta. Zile za kwenye kuta zilivunda. Nilikupiga siku ile, na aliyekuja kukutoa mikononi mwangu ni mjomba wako Faki. "Muache, Riziki," alisema. "Yuno mtoto anacheza."

Ulipopata simu nikadhani yatakwisha, kumbe ndiyo kwanza. Ukaziona zile mbio za nchi za watu, magari yamelala chini kama kobe. Nilidhani unashabikia. Hukumjua dereva hata mmoja. Ulikuwa ukiisimamisha picha kwenye kona, unaigeuza simu huku na huku, kisha unachora nyuma ya kalenda, na kalenda zilipokwisha ukakata mifuko ya saruji. Viwanja vya mbio za magari, katika kisiwa ambacho humu ndani hatuna hata baiskeli yenye breki mbili! Nilikuona mjinga. Nilikwambia hivyo, na wewe ukanijibu, "Mama, najua havitajengwa. Nachora tu." Lilinikera jibu lile. Mtu anayetaka kitu unaweza kumwambia hakipatikani. Anayejua hakipatikani na bado anakichora, utamwambia nini?

Basi nikaanza kukuuliza maswali ili nikukomeshe. Uliponionyesha uwanja wako wa Kiuyu nikakuuliza, na adhana ikilia, magari yatasimama wapi? Nilitaka ukose jibu. Ukakaa nalo siku nzima, kisha ukaja na msikiti kando ya mnyoofu, ile njia isiyo na kona, na mahali pa magari kutulia, na mahali pa kutilia udhu. Nikakuuliza mvua ya masika. Ukachora mitaro. Uliporudi kutoka kwa shangazi yako Kengeja ulikuja na uwanja uliopita katikati ya mihogo ya watu. Nikakuuliza mwenye mihogo anasemaje. Ukanuna. Lakini ukaizungusha njia ikapita nje ya shamba, na ulipomaliza ukasema kona sasa imekuwa nzuri kuliko mwanzo. Nami nikaiona kwamba ni nzuri. Sijui lini nilianza kuziona kona, ila nilianza.

Usidhani nakusifu. Ninakwambia haya ili ujue kwamba aliyekulea katika mchezo huu ni mimi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi sikuchelea kilio chako tu, nilichelea na kukikatisha kicheko chako.

Ukanifundisha na kile kitu unachokiita mahali pa kukosea. Kila kona kali, ulisema, lazima nje yake kuwe na uwazi wa mchanga, dereva akikosea azame mchangani asimame, asiuwe wala asife. "Kona isokuwa na mahali pa kukosea ni mtego, mama." Maneno yako hayo. Sasa jiulize kwa nini mtu mwenye maneno hayo alikwenda kupigilia vijiti ndani ya kiambo.

Unajua kiambo chetu kilivyo. Nyumba ni ya mtu, minazi ni ya mtu, lakini ardhi ni ya ukoo, baba yetu kaipokea kwa baba yake, haigawiwi wala haipimwi. Akitokea mtu akaipima, basi anataka kuiuza, hakuna sababu nyengine. Na tangu barabara ya lami ilipopita huku, kila mzee amejifunza kwamba kijiti chenye kitambaa chekundu kikisimama leo, kesho nyuma yake linakuja greda. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Wewe ulikuwa unalijua. Na bado ulikuja ukaniambia umechoka na karatasi, unataka mara moja tu kuiona kona kwa miguu yako, na mimi nikakuchania kanga yangu ya zamani, nyekundu na nyeupe, ili vijiti vyako viwe na rangi kama za kingo za zile njia za kwenye simu.

Nilishika kamba. Tusifichane katika barua. Asubuhi ile nilishika ncha moja ya kamba na wewe ukashika nyengine, nikawa nasimama unaponiambia nisimame, unazunguka unapigilia. Tulipomaliza tuliutembea uwanja mzima, wewe mbele mimi nyuma, kutoka kisimani, tukazunguka banda la ng'ombe, tukapita nyuma ya nyumba ya mjomba wako, ile kona uliyoiita Kona ya Bi Time kwa kuwa ni kali kama ulimi wa mkaza mjomba wako, mpaka mnyoofu unaopakana na makaburi. Ulikuwa unatangaza kama mtangazaji wa redio. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu baba yako atuache akenda zake Tanga sikuwahi kucheka vile nje ya nyumba, mahali pa kuonekana.

Siku ile ile, nayo ilikuwa Ijumaa, baada ya sala tukaitwa.

Uliwaona walivyokaa. Vijiti vyote vimeng'olewa vimewekwa mbele ya mjomba wako kama kuni. Hakupaza sauti. "Riziki, hebu n'ambie," alisema. "Vijiti vino ni vya nini? Nani kakutumeni mupime? Sisi hatujafa, nyinyi mushaanza kugawa?" Na Bi Time kutoka upande wa wanawake, "Na kile kilokuwa kaburini? Au marehemu naye wamuhamisha?" Kaburini hakikuwapo kijiti, kilikuwa pembeni, lakini nani angesikiliza pembeni.

Mimi ni mwanamke niliyeachwa, ninaishi katika ardhi ya baba yangu kwa haki yangu, lakini haki yangu inapita mdomoni mwa kaka yangu. Nilizitazama nyuso zile nikajua nikisema ni mchezo hawataamini, na nikisema nilishika kamba tutafukuzwa mimi na wewe. Nikasema nililosema. Nikasema mimi sijui chochote. Nikasema, "Huyu mtoto hana akili timamu, tangu mdogo anachora njia za magari yasiyokuwepo, ana shetani huyu, nimeshindwa naye."

Wakacheka. Nakumbuka jinsi walivyocheka, kwa kupumua, kama watu waliotuliwa mzigo. Mwendawazimu haogopwi, huonewa huruma. Mjomba wako akasema aandikiwe kombe. Likaandikwa kwa zafarani, aya zikaoshwa kwa maji ya waridi, na mimi ndiye niliyekupa sahani mkononi. Ukanywa lote. Ukanitazama juu ya ukingo wa sahani, ukanywa, na hukusema, "Mama naye alishika kamba."

Kwa nini hukusema? Hilo ndilo linaloniuma, Hamad. Ungesema! Ungenikasirisha siku ile, tukagombana, tukaisha. Badala yake ukanisitiri mbele ya ukoo mzima, kisha ukarudi ndani ukanifanyia adabu. "Sawa mama." "Ndiyo mama." Watoto wa jirani wakikuona njiani wananguruma kama gari na kufunga breki mbele ya miguu yako, nawe unawapisha. Kila ukiwapisha mimi nakuchukia kidogo, kwa sababu najua unawapisha kwa ajili yangu.

Nilidhani ndiyo bei, na kwamba bei tumeshailipa. Watu wakasahau. Bi Time akaanza tena kuja kuazima kinu. Ndipo ukaja na habari ya chuo.

Kazi zote alizoziumba Mungu! Ungekwenda kusomea ualimu. Ungekwenda kusomea samaki. Ukaniambia upimaji wa ardhi, tena ukaniambia barua ya kukubaliwa imeshakuja, umeshajibu. Nilikuuliza kama unanilipizia. Ukasema, "Hapana mama, napenda kupima." Kwa sauti ya upole. Sijui mpaka leo kama nikuamini, na nakwambia kweli, ningependa zaidi kama ungekuwa unalipiza.

Maana hukufikiri, au ulifikiri ukanyamaza. Mjomba wako alipozisikia alikuja mpaka barazani kwangu na hakukaa. "Mwendawazimu gani apokewa chuo cha upimaji?" aliniuliza. "Basi kumbe ana akili. Na kama ana akili, weye ulituongopea. Na kama ulituongopea, kuna mnunuzi." Akasema Ijumaa watasoma halbadiri, kila aliyetia nia ya kuiuza ardhi ya marehemu apate malipo yake, yeye na kizazi chake. Akaondoka.

Jana uliponiomba radhi, hicho ndicho kilichokuwa kifuani mwangu. Sikuwahi kutia nia ya kuuza, kisomo kile kisingenipata kwa hilo. Lakini nilikuwa nimeongopa, na sikujua halbadiri inachagua vipi. Nikasema moyoni, mtoto huyu amenitia katika hili kwa mara ya pili, na sasa anataka dua.

Leo asubuhi ulipotoka nilivaa buibui nikavuka kwenda kwa mjomba wako. Alikuwa anafunga ndama. Nitakuandikia kama tulivyosema, usije ukaisikia kwa mwengine na chumvi zake.

Nikamwambia, "Kaka Faki, mtoto wangu hana wazimu."

"Hilo n'shalijua. Sasa n'ambie nani anunua."

"Hapana anayenunua. Ule ulikuwa uwanja wa mbio za magari."

"Magari ya nani?"

"Si ya mtu. Hayapo."

Akaiachia kamba ya ndama. "Uwanja wa magari yasokuwepo. Ndani ya kiambo cha baba."

"Na mimi nilishika kamba. Kanga iliyochanwa ni yangu. Nilitembea naye mpaka makaburini, nikacheka. Yule mtoto alikunywa kombe langu mimi."

Nilikuwa nimejitayarisha asiniamini, nimeshapanga viapo. Aliniamini, Hamad. Niliona usoni kwake ameniamini yote, na uso ukajifunga.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Ilikuwa raha," nikasema.

"Bora ungen'ambia wauza," akasema. "Mtu anouza ana shida, ndugu yake humsaidia. Weye ulicheza. Ukacheza mpaka ubavuni mwa baba, kisha ukanikalisha na wazee nikamuandikia mtoto mzima kombe la wazimu, ukanitazama." Akamfunga ndama upya, polepole, kama sipo. "Halbadiri sisomi. Hapana wa kusomewa. Lakini mimi na weye kusemezana, basi. Na nikifa, usije kunililia."

Nikarudi. Hata adhuhuri haijaadhiniwa, Bi Time akamtuma mtu kunirudishia kile kinu changu.

Kwa hiyo watu wa kiambo watasikia leo au kesho kwamba mtoto wa Riziki ana akili zake na mama mtu ndiye asiyekuwa nazo. Utakwenda Bara na jina lako safi. Mimi nitabaki na mlango wa kaka yangu uliofungwa, na nitaupita kila nikienda kuchota maji. Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Wewe jembe lako umeshachukua. Kikapu sikioni.

Usinishukuru. Ukinishukuru kesho nitalia, na nikilia nitakasirika zaidi. Sikufanya kwa ajili yako peke yako. Nilikuwa nimechoka kukuona ukiwapisha watoto.

Jambo moja nimelipata katika haya yote na nimelipata kwa ghali, basi lichukue, ingawa hukuniomba. Huko watakufundisha vyombo na hesabu. Siku moja watakupa vijiti na watakutuma katika ardhi ya mtu. Kabla ya kukipigilia cha kwanza, piga hodi. Kaa. Kunywa chai utakayopewa hata kama ni baridi. Sema unafanya nini, sema tena, na akikuuliza mara ya tatu usimuone mjinga. Hao watu hawataona kona nzuri. Wataona kaburi la baba yao na kitambaa chekundu. Mimi na wewe tulikuwa tunajuana na kila mtu mle ndani, na tulidhani kujuana kunatosha tusiseme. Ukiogopa kusema, ndipo utakapojikuta unasema uongo, na utasema ulio mbaya kuliko nilivyosema mimi.

Na makaratasi yako sikuyatia begini. Nilitaka kuyachoma leo, nikakaa nayo jikoni. Huu uwanja wa Kiuyu umekosea, kwa taarifa yako. Umeuweka mnyoofu unaotazama jua la alasiri, madereva hawataona kitu. Nimeyarudisha chini ya godoro lako. Chora mengine huko huko, na ukichora usiniletee.

Sasa radhi. Kesho alfajiri nitakuamsha, na nakuomba usije ukasimama mlangoni ukaomba tena kwa ile sauti ya upole, kwani sina hakika nitasema nini. Umeshaipata. Nimekupa yote, ya tumbo lililokubeba na ya maziwa uliyonyonya, ya dunia na ya akhera, bila ya sharti. Mama haruhusiwi kuikalia radhi kwa sababu ya kinu.

Msamaha ni jambo jengine, huo sijakupa. Bado nina hasira na wewe, na nitakuwa nayo boti ikishaondoka. Na wewe una hasira na mimi, kwa lile kombe, hata ukinyamaza vipi. Basi kasirika. Ukifika niandikie nilivyokukosea, andika kwa ukali, neno kwa neno, usinistahi. Ndugu nimempoteza leo kwa kusema kweli. Wewe nisije nikakupoteza kwa adabu.

Mimi mama yako,
Riziki